Kanda Isiyopulizwa

Watu wa Dunda wana yao wanayosema kuhusu Husseni fundi redio, na mengi ni uzushi mtupu. Wapo wanaosema alikuwa anafuga majini. Wapo wanaosema bangi. Waongo wote. Husseni alikuwa mtu mpole wa miaka arobaini na moja, mpenzi wa chai ya tangawizi, mwenye pendo moja la kitoto ambalo hakuona haya kulitangaza: gemu za zamani. Si hizi za kwenye simu. Zile za kanda, unaichomeka juu ya mashine, TV ya chogo mbele yako na pedi mkononi.

Na alikuwa na hoja yake, ambayo ukikaa naye dakika tano lazima uisikie. Watu, alisema, wanasifu tu gemu za kampuni iliyotengeneza mashine yenyewe. Wanasahau kwamba kampuni nyingine, za nje, nazo zilitengeneza gemu za kuchezwa kwenye mashine hiyo hiyo, na baadhi ya hizo zinawaacha mbali wenye mashine yao. Basi kila Jumamosi alirekodi voisi akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wenzake wa gemu, watu mia mbili na kitu kutoka Bagamoyo hadi Tanga, akieleza gemu moja ya nje inayostahili kutafutwa. Alijiwekea kufika hamsini. Alikuwa amefika arobaini na tisa.

Nyumbani aliishi na dada yake, Kuruthumu. Mama yao alipofariki, Kuruthumu alikuwa na miaka kumi na sita na Husseni minane. Dada akakaa kwenye cherehani, akashona nguo za watu, akakataa posa mbili, mpaka mdogo wake akajua kushika bisibisi. "Huyu ndiye mama niliyebaki naye," Husseni alizoea kusema, na hakuwa anatania.

Sasa nieleze jambo moja kwa ambao hawakuziwahi enzi hizo. Kanda ikigoma, dawa ilikuwa kuichomoa, kuipuliza mdomoni mwake pale penye shaba, na kuirudisha. Kila kibanda cha gemu kilikuwa na mpulizaji wake, mtu ambaye pumzi yake ilisemekana ina baraka. Kibanda cha nyuma ya soko, mpulizaji alikuwa Kuruthumu. Alikuwa akipita kumwita mdogo wake akale, anawakuta vijana wazima wamepanga foleni na kanda zao. "Dada Kuru, na hii." Anapuliza, inawaka. Husseni mwenyewe hakuwahi kupuliza hata moja. Siku zote alimpa dada.

Jumamosi moja ya Februari, saa tatu asubuhi, Hieronimo alishuka kwenye bodaboda akitokea Kiwangwa, amepakata boksi la kanda. Huyu ni mkulima wa mananasi. Kaka yake, marehemu Emmanueli, aliwahi kuwa na kibanda cha gemu Vigwaza, na Hieronimo alikuwa anasafisha chumba chake.

"Mimi sina kazi nazo," alisema. "Nimesikia wewe unazipenda."

Husseni akazipekua kama mtu anayechambua mchele. Nyingi alikuwa nazo. Chini kabisa akaikuta nyeusi, haina karatasi ya picha, haina jina. Mdomo wake umezibwa kwa plasta ya hospitali, mizunguko mitatu.

"Na hii?"

"Hiyo kaka hakuwa anaipuliza. Wala hakuruhusu mtu aipulize. Alisema ni spiriti na pamba tu."

"Basi alikuwa fundi mzuri," Husseni akasema. Na kweli, fundi yeyote anajua kwamba unyevu wa mdomo unaozesha shaba. Akaona ni ushauri wa ufundi tu, akaibandua ile kanda plasta zake. Hieronimo akanywa chai, akaaga.

Spiriti ilikuwa imekwisha. Akaichomeka hivyo hivyo. Kioo kijivu. Akaichomoa, akairudisha. Kijivu. Mpaka adhuhuri alikuwa bado anahangaika, Kuruthumu alipoingia na sahani ya muhogo wa nazi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Chakula kinapoa." Akaiona kanda mkononi mwa mdogo wake, akatabasamu. "Imegoma? Lete."

Na Husseni akampa. Mkono ulikuwa umezoea miaka thelathini, haukungoja ruhusa ya kichwa. Kuruthumu akaiweka mdomoni, akapuliza mara moja, pumzi ndefu. Akamrudishia.

Ikawaka.

Pale ambapo huandikwa jina la kampuni, palikuwa patupu. Kisha ikatokea bahari iliyokatwa ubavuni, juu mbingu, chini giza, na katikati mwanamke mzamiaji mwenye ushungi wa bluu. Kwenye pembe ya kioo palikuwa na mstari mwekundu wa pumzi.

"Kavaa kama mimi," Kuruthumu akasema. Akacheka, akaenda uani kufua.

Husseni akacheza. Hakukuwa na adui, hakukuwa na muziki. Unashuka, unaokota simbi, yale makombe madogo ya baharini, unapanda kuvuta pumzi, unashuka tena, chini zaidi. Basi. Lakini ilivyotengenezwa! Maji yalikuwa mazito kwenye pedi. Kila simbi ilimwongezea yule mwanamke uzito, ukaupata kwenye kidole. Muhogo ukapoa. "Hii ndiyo ya hamsini," alisema peke yake, na moyo ukamfurahia.

Uani, Kuruthumu alikohoa. Akanyamaza. Akakohoa tena. Vumbi, Husseni alidhani, akashuka zaidi, maana alitaka kuona chini kabisa kuna nini. Mstari ukafika robo. Beseni likaanguka.

Alimkuta ameshika ukuta, midomo ya kijivu, macho yamemtoka, anavuta hewa haiji. Husseni akarudi ndani mbio kuchukua simu. Akakiona kioo. Pedi aliiacha sakafuni, na mwanamke wa ushungi wa bluu alikuwa anazama mwenyewe. Mstari umebaki uzi.

Akaidaka pedi. Akampandisha.

Uani dada yake akavuta pumzi. Aliisikia.

Akamshusha kidogo. Kikohozi. Akampandisha. Kikohozi kikakata. Akafanya hivyo mara tatu. Ya nne hakuthubutu.

Akazima mashine, akidhani ndiyo kuimaliza. Kishindo uani. Akaiwasha, na ilipowaka tu dada yake akaanza kukohoa, na kulia. Hapo Husseni aliogopa vibaya sana, hofu ya mtoto aliyepotea sokoni.

Akampigia Hieronimo, simu ameibana begani, mikono kwenye pedi.

"Hii kanda ilimfanya nini kaka yako?"

"Nani ameipuliza?"

"Dada yangu."

"Nilikwambia, Husseni."

"Uliniambia haipulizwi. Hukuniambia kwa nini."

"Mwenyewe nilikuwa siamini." Sauti ikashuka. "Shemeji, Evarista, aliipuliza. Kaka akakaa mbele ya TV siku kumi na moja. Tukasema wazimu. Siku ya kumi na mbili usingizi ukampitia, shemeji akaanguka jikoni. Baadaye kaka akawa anasema anamwona mle ndani, na kitenge chake cha njano cha kanisani. Tukajua ni msiba umempiga."

Husseni akaiacha simu idondoke, akabonyeza.

Siku nne Husseni hakuinuka. Nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanapomlaumu. Alijaribu yote. Yule mwanamke hakai juu ya maji mwenyewe. Ukihesabu ishirini bila kubonyeza, anaanza kuzama. Alifunga kitufe kwa mpira wa baiskeli, akazama vile vile. Kuruthumu alijaribu kushika pedi, haikumsikia. Haikusikia mkono mwingine wowote. Umeme ulipoyumba, akaiungia betri ya gari. Dada yake akamlisha kwa kijiko, kama zamani, akakaa nyuma yake kwenye mkeka akimsemesha asisinzie. Mara mbili alisinzia. Mara mbili kikohozi kilimwamsha.

Jumatano asubuhi Kuruthumu aliweka chupa ya spiriti na pamba sakafuni.

"Safisha," alisema.

"Lazima niichomoe, dada."

"Najua. Pumzi yangu imo pale kwenye shaba. Itoe." Akamshika kichwani. "Usingizi huuwezi, mdogo wangu. Leo au kesho, huuwezi. Afadhali tujaribu ukiwa macho."

"Na isipowaka?"

"Nilipuliza mwenyewe. Usijilaumu."

Akakaa ameegemea ukuta, akatoa shahada kwa sauti ya chini, akajifunga ushungi vizuri. Husseni alipiga hesabu zake za kifundi. Mtu anaweza kukosa hewa dakika tatu. Kusafisha ni dakika moja. Dakika mbili zinabaki.

Akazima. Akachomoa. Nyuma yake hakukuwa na kelele yoyote, na hakugeuka. Spiriti. Pamba. Pamba ya kwanza ikatoka nyeupe. Ya pili nyeupe. Shaba iking'aa kama mpya. Akarudisha, akawasha.

Kijivu.

Akachomoa. Akarudisha. Kijivu.

Dakika mbili. Akageuka, akamwona dada yake ameinama upande, midomo imegeuka rangi. Akachomoa tena. Akarudisha. Kijivu. Ikabaki dawa moja tu aliyoijua tangu utotoni.

Husseni akaiweka kanda mdomoni, akapuliza.

Ikawaka. Bahari ile ile, mbingu ile ile. Katikati palikuwa na mwanamume mwenye shati la kahawia la ufundi. Mstari wa pumzi umejaa. Akambonyeza, na kifua chake mwenyewe kikapanuka.

Kwenye mkeka, Kuruthumu hakupanuka kifua.

Sasa mjue basi kilichotokea mchana ule, ambacho Dunda haijamsamehe. Wanawake walimwosha Kuruthumu chumba cha pili. Jeneza likatolewa kupitia sebuleni. Na Husseni amekaa, amewapa mgongo watu, pedi mkononi, machozi yanadondoka kwenye vitufe. Sheikh Shamsudin, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, akachuchumaa karibu yake.

"Husseni. Ni wewe wa kushuka kaburini umpokee dada yako. Hana ndugu mwingine wa kiume."

"Siwezi, sheikh."

"Atapokelewa na nani?"

"Nisamehe. Siwezi kuinuka."

Wakamwacha. Kuruthumu alipokelewa na watu baki, mwanamke aliyekosa ndoa kwa ajili ya kumlea huyo huyo. Wengine walitema mate kizingitini walipokuwa wanatoka. Husseni alisikia yote. Angeeleza nini? Alisikia nyayo zikiisha barabarani, nyumba ikatulia, na yeye akabonyeza, akabonyeza.

Siku ya pili aliacha kubaki juu. Akashuka. Alishuka moja kwa moja bila kuokota simbi, kifua kikimbana kwelikweli, mpaka akaona chini alikotaka kupaona tangu Jumamosi. Kulikuwa na mchanga. Juu ya mchanga palikuwa na mwanamke amekaa, kitenge cha njano. Pembeni yake mwingine, ushungi wa bluu, uso ameuinua juu.

Mstari ukawa uzi. Akapanda, akahema sebuleni kama aliyepigwa. Akashuka tena. Kila mara alifika karibu kidogo zaidi, na kila mara alielewa vilevile: pumzi ya kufika ipo, pumzi ya kurudi haipo. Wala ya kumpandisha mtu.

Ijumaa, watu wakiwa msikitini, ile voisi ikaingia kwenye kundi. Wapo ambao bado wanayo. Sauti ya Husseni imetulia, imechoka. "Gemu ya hamsini nimeipata. Haina jina la kampuni. Ni nzuri kuliko zote nilizowaambia. Nawaomba asiitafute mtu." Kisha kitufe kinalia, kisha: "Mwambieni sheikh Shamsudin nimeshuka kumpokea."

Shamsudin ndiye aliyemkuta. Pedi mapajani, kichwa kifuani. Nguo kavu, mtu mkavu. Daktari aliandika moyo.

Hieronimo alikuja kwenye maziko. Aliichomoa ile kanda, akaipasua kwa nyundo uani mbele ya watu. Ndani hakukuwa na kitu. Si saketi, si waya. Plastiki tupu. Akalia sana yule mzee, na hakuna aliyemwelewa. Alikuwa ameelewa, amechelewa, kwamba sasa hata akitokea mtu wa kuwapandisha, hakuna cha kuchomeka.

TV aliichukua Shamsudin, akaiweka stoo kwake, kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Tangu hapo haijachomekwa kwenye umeme. Siku ya kwanza aliona ukungu kwenye kioo, chini kabisa, kama mtu amehema karibu. Akaufuta kwa kanzu. Haukufutika, maana ulikuwa upande wa ndani. Ukapotea wenyewe. Ukarudi. Ukapotea.

Akaigeuza ikatazama ukuta. Huo ni mwaka wa pili. Stoo ile haina bomba, na bati lake halivuji. Lakini chokaa ya ukuta mbele ya kioo imebanduka mahali patatu, mabaka matatu ya ukubwa wa mdomo, yamepangana chini, karibu karibu. Shamsudin amepaka chokaa upya mara nne. Ukiweka kiganja pale hata mchana wa kiangazi, kinatoka kimelowa.