Vidole vya Rudy

Darla Kostelnik alipigwa kikumbo na jitu lililovaa deraya ya plastiki, na kabla hajapata tusi la kulitupia, tochi ya marehemu mdogo wake ilikuwa imeshaganda kwenye skafu yake ya sufi.

"Samahani, dada," jitu lilisema kutoka ndani ya kofia yake, likaendelea kukanyaga watu wengine.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, jijini Pittsburgh, na ukumbi wa maonyesho kando ya mto ulijaa mashabiki waliovaa kama manahodha wa anga na mazimwi ya sponji, na wazee waliobeba masanduku ya vioo kama wamebeba mayai. Darla alikuwa na koti lake la rangi ya haradali, buti za mvua, na nywele alizozibana haraka kwenye basi. Alishika skafu kwa mkono mmoja na tochi kwa mwingine, akajiandaa kuvuta.

"Usivute!"

Sauti ilitoka meza ya tatu. Mwanamume mrefu, mweusi, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, aliruka kiti chake akamfikia kwa hatua mbili. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa makali, lakini kucha zake zilikuwa nyeusi kama za mchimba makaa.

"Ukivuta utaacha nusu ya skafu kwenye raba ya mpini. Simama hapo hapo. Pumua."

"Napumua tangu nizaliwe."

"Basi endelea, unafanya vizuri."

Alilowesha pamba kwa matone mawili ya maji baridi, akaitenganisha sufi na mpini uzi mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwa mtoto. Alipomaliza aliigeuza tochi kwenye mwanga na akapiga mluzi.

"Tochi ya nahodha wa *Doria ya Zohali*, ile filamu ya zamani. Hizi zilitengenezwa chache, na zote zinakufa ugonjwa mmoja. Raba inatoa mafuta yake, inalainika, inanata. Ukiishika unatoka na mkono wa lami."

"Ndiyo maana nimekuja. Mama yangu yuko kwenye makao ya wazee. Haachi kuishika. Weusi unaingia kwenye mashuka, kwenye uso, juzi umeingia mdomoni. Muuguzi mkuu kaniambia isafishwe kabla ya Sikukuu ya Shukrani, mwisho wa mwezi huu, au itoke."

"Itasafika. Naitwa Ellis Tolliver. Kinachonata nakifanya kisinate."

"Na mdomo wako je, unayo dawa yake?"

Ellis alicheka kicheko cha kweli, watu wa meza ya jirani wakageuka. Kisha akachomoa kadi nyeupe kwenye boksi la viatu. Juu yake palikuwa na jina, simu, na swali moja lenye mistari mitatu mitupu chini yake: *Kipi kisiguswe?*

"Hii ndiyo sheria yangu," alisema. "Sigusi kitu cha mtu bila kadi. Niliwahi kufuta sahihi ya mtu nikidhani ni uchafu. Mzee alilia mbele yangu. Tangu siku hiyo, mwenye kitu anaandika kwanza, mimi nafuata."

Darla alichukua kalamu. Alijua hasa la kuandika. Lakini simu ililia mfukoni. Walikuwa watu wa makao: mama hataki kula, anaulizia tochi. Alijibu, akatuliza, akakata. Akaanza kuitafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

"Hujala," Ellis alisema. Halikuwa swali.

"Nimekunywa kahawa."

"Kahawa si chakula. Kule nje kuna mama anauza pierogi, vile vijisambusa vya kuchemsha vya viazi na vitunguu. Twende. Kadi utanipa baadaye."

Darla aliitia kadi kwenye mfuko wa koti, tupu. Tochi ikabaki kwenye sanduku la Ellis, juu ya kitambaa safi. Hakuogopa. Si alisema hagusi kitu bila kadi?

Siku kumi zilizofuata, simu ya Darla ilipata joto. Aliuza miwani kwenye duka dogo mtaa wa Polish Hill, na kila mteja akitoka, Ellis alikuwa hewani.

"Bibie wa haradali, umekula?"

"Nimekula, fundi wa lami."

"Umekula nini?"

"Maneno yako ya jana. Hayashibishi."

Walikutana mara nne. Mara ya tatu walisimama kwenye kibanda cha treni ya mlimani, jiji lote liko chini yao, kijivu na la mvua, na Darla akambusu hadi miwani yake mwenyewe ikafanya ukungu. Alimweleza habari za mdogo wake Rudy: aliyeinunua tochi ile gulioni akiwa na miaka kumi na sita, aliyeumia mgongo kazini, akapewa vidonge vya maumivu, akavipenda vidonge kuliko watu. Alikufa Agosti moja, miaka kumi na moja iliyopita, kwenye kochi la chumba cha chini ya nyumba.

Lililobaki hakulisema. Kwamba joto lilikuwa kali wiki ile. Kwamba mama yao alimkuta Jumapili, naye alikuwa amelala tangu Ijumaa, tochi mkononi. Kwamba walipomfungua vidole, raba iliyokuwa imelainika ilibaki na mifereji minne na shimo la dole gumba, na kovu la dole gumba lilikuwa limo humo humo, dogo kama punje ya mchele. Kwamba mama, aliyesahau mtaa wake, mwaka na jina la Darla, kila jioni alitia vidole vyake vinne kwenye mifereji ile akatulia.

"Ellis, kuna jambo kuhusu mpini," alisema siku moja kwenye simu.

"Jumapili utaliona lote. Nakuja nawe kwa mama yako."

"Kadi yako bado ninayo."

"Kwako sihitaji kadi, mpenzi."

Alicheka. Darla naye akacheka, kwa sababu neno *mpenzi* lilikuwa jipya na lilimziba masikio yote mawili. Mteja aliingia dukani, Darla akakata simu.

Jumapili Ellis alikuja na tai. Alibeba sanduku lenye utepe. Chumba cha mama kilinuka supu na dawa ya sakafu. Bi Irma alikaa dirishani na sweta aliyoivaa kinyume, mikono yake ikikunjika na kukunjuka hewani.

"Mama Irma," Ellis alisema akipiga goti, "nimekuletea chako."

Akafungua sanduku. Tochi iling'aa. Mpini ulikuwa mweusi wote, laini, mkavu, wenye harufu ya poda ya mtoto, kama umetoka kiwandani asubuhi ile.

Darla hakusikia sauti yake mwenyewe. Baadaye muuguzi alimwambia kwamba alisema "hapana" mara nyingi.

"Siku tatu," Ellis alikuwa akieleza kwa fahari. "Ilikuwa imebonyea vibaya, mtu aliiacha ikabanwa na kitu. Nimeondoa tabaka lote bovu kwa spiriti, kidogo kidogo, nikasawazisha..."

Bi Irma alikuwa ameshaipokea. Vidole vyake vilipanda na kushuka juu ya raba, vikatafuta. Vilizunguka upande wa pili. Vikarudi. Uso wake ulikunjamana taratibu kama karatasi inayoanza kushika moto.

"Ameniachia mkono," alisema.

"Nani, mama?" Darla alipiga magoti.

"Rudy. Alikuwa amenishika. Ameniachia."

Akalia. Hakulia kama mzee. Alilia kama mtu aliyepewa habari ya msiba saa ile ile. Miaka kumi na moja ya kusahau iliporomoka, na ikawa tena Agosti, na yeye yuko juu ya ngazi akiita jina.

Ellis alisimama na utepe mkononi. Alimtazama mama, akautazama mpini, na Darla aliona alivyoelewa: macho yalipotea kwanza, kisha mdomo.

"Vilikuwa vidole," alinong'ona.

"Toka."

"Darla, sikujua..."

"Ulikuwa na sheria moja! Moja tu! Ukaivunja ili unionyeshe ufundi. Toka, Ellis."

Alitoka. Utepe aliuacha kitandani.

Bi Irma hakuitaka tochi tena. Alipopewa aliisukuma, ilipoondolewa, mikono yake ilikunjika hewani mchana kutwa. Muuguzi mkuu, mwanamke mwema, alisema polepole kwamba angalau mashuka ni safi. Ellis alipiga simu, hakupokelewa. Aliandika, hakujibiwa. Wiki moja kabla ya Krismasi Darla alipokea, akiwa amesimama dukani kati ya fremu.

"Sema."

"Nina picha. Huwa napiga picha kabla sijaanza. Mifereji yote inaonekana, hata kovu. Naweza kumwaga raba mpya na kuichonga upya. Mama hatajua tofauti."

Darla alirudisha fremu moja mahali pake. Kwa sekunde moja alilitaka jambo hilo kwa mwili wake wote.

"Hiyo itakuwa nakala," alisema. "Mdogo wangu hakuwa nakala. Siwezi kumpa mama vidole ulivyovitengeneza wewe, atie mkono humo, aseme Rudy. Siwezi, Ellis."

"Sawa."

"Usinipigie tena."

"Sawa," alisema tena, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayepokea alichostahili.

Bi Irma alikufa wiki ya pili ya Februari, alfajiri, kwa ugonjwa wa mapafu. Walimzika kwenye mlima ulioganda, kando ya Rudy. Padri aliharakisha kwa sababu ya upepo. Darla, ambaye hakuwa na koti jeusi zito, alivaa lile la haradali, na wanawake wa kanisa walimtazama kwa chati. Alitia mkono mfukoni kutafuta leso akatoa kadi nyeupe.

*Kipi kisiguswe?* Mistari mitatu, mitupu.

Alisimama nayo mpaka watu wakaanza kushuka. Alikuwa nayo tangu Novemba. Alikuwa na kalamu dukani, mikutano minne, siku kumi za simu. Ellis alivunja sheria yake, hilo halifutiki. Lakini yeye alikuwa na neno moja la kusema na alilimeza, kwa sababu kulisema kulikuwa sawa na kumfungua Rudy vidole mara ya pili.

Hakwenda kwenye chakula cha msiba. Alipanda basi na koti lake la haradali na viatu vyenye udongo wa kaburi.

Karakana ya Ellis ilikuwa nyuma ya duka la fundi viatu. Alimkuta amekaa, meza tupu, hana tai wala shati la pasi. Alikonda. Aliposimama aligonga kiti kikaanguka.

"Mama amekufa," Darla alisema.

"Nilisoma kwenye gazeti. Nilisimama ng'ambo ya barabara ya makaburi. Sikuthubutu kuvuka."

"Ungevuka."

"Ulisema nitoke."

"Nilisema mengi." Alivuta kiti, akakiinua, akakikalia yeye. "Uliyoyaondoa kwenye mpini. Yalikwenda wapi?"

Ellis alifungua droo, akatoa kopo la biskuti. Ndani yake vilijaa vipande vya pamba alivyofutia mpini, vyeusi, vikavu, vimepangwa.

"Siku ile nilirudi nikavitoa kwenye pipa. Ni arobaini na kimoja. Sikujua vya kufanyia nini. Nilijua tu sitavitupa."

Darla aliinamia kopo. Lilinuka spiriti, poda, na chini yake kitu kama joto la chumba cha chini. Alilia hapo, kidogo, kwa hasira, akijifuta kwa ncha ya skafu. Ellis hakumgusa. Alisubiri na mikono yake pembeni, nyeusi kwenye kucha.

"Hili nitawapelekea makaburini," Darla alisema hatimaye, akalifunika. Kisha akatoa tochi kwenye mkoba, akaiweka mezani kati yao. "Niambie ukweli, fundi. Imepona?"

"Haiponi. Nimeondoa tabaka la juu tu. Ya ndani ni raba ile ile ya kiwanda kile kile, na ugonjwa ule ule. Miaka kumi na tano, labda ishirini, itaanza tena. Ningeweza kuizuia. Ipo dawa ya kupaka."

"Usipake."

"Itanata, Darla. Itachafua kila kitu."

"Nimekuambia usipake."

Alitoa kadi mfukoni, akainyoosha juu ya meza kwa kiganja, akaomba kalamu. Aliandika polepole, kwa herufi kubwa za mtu anayeandikia watu wenye macho mabovu. Ellis aliisoma akiwa amesimama, na alipomaliza aliketi juu ya boksi.

Palikuwa na neno moja tu, kwenye mstari wa kwanza: *Chote.*

Darla aliushika mpini. Ulikuwa mkavu, mgeni, haukumkumbuka mtu yeyote. Alitenganisha vidole vyake, akaacha nafasi kati ya kimoja na kingine.

"Shika," alisema.

Ellis aliutazama mkono ule kama kitu ambacho hajapewa kadi yake. Kisha akaingiza vidole vyake katikati ya vya Darla, juu ya raba baridi. Nje theluji ilianza kuanguka juu ya paa la fundi viatu.

"Mpaka lini?" aliuliza.

"Mpaka inate."