Chungu Kimoja, Mirija Mingi

Kila alasiri Esteri akimaliza kupalilia maharage yake pale Heru Juu, alinawa miguu, akajifunga kitenge safi, akashika njia ya Kasulu mjini. Mumewe, Tharsisi, alibaki uani akimtazama mpaka apotelee kwenye migomba. Roho ilimuuma. Mbona kitenge kile hakivai akienda shamba?

Esteri alikwenda kusoma Kiingereza. Ilikuwa miaka ile ya tisini, wakimbizi kutoka Burundi wamejaa kambini, na zahanati ya kambi ilitafuta mtu wa kupokea wajawazito, anayejua Kirundi, Kiswahili na Kiingereza. Kirundi alizaliwa nacho. Kiswahili alikipata hapa ugenini. Kiingereza ndicho kilichomtoa jasho. Maneno aliyoyakariri leo, kesho yalikuwa yameyeyuka.

Siku moja Nurudini muuza duka alimwambia Tharsisi kwamba darasa lile lina vicheko kweli, na mwalimu wake, Reverien, ni kijana mtanashati asiye na mke. Nurudini alisema tu, akaendelea kupima sukari. Tharsisi alirudi nyumbani sukari kaisahau, wivu kaubeba wote.

"Mama Irakoze, kesho huendi," alisema. "Mwenye nyumba hii ni mimi."

"Ego, ndiyo, ni wewe," Esteri alijibu taratibu. "Lakini usaili ni Jumatatu. Nikikosa kipindi cha kesho, kazi nimeikosa."

"Nimeshasema."

Kesho yake Esteri alikwenda. Tharsisi alipokuta jembe liko na mke hayuko, alirukia baiskeli. Alitaka kuwafumania wakicheka.

Aliegemea dirisha la darasa, akachungulia. Ubaoni mwalimu alikuwa amechora chungu cha pombe ya ndizi, kama kile wanaume wanachokizunguka baada ya mavuno, kila mmoja na mrija wake. Tumboni mwa chungu aliandika dominus. Kwenye kila mrija aliandika neno la Kiingereza.

"Msikariri neno mojamoja," Reverien alisema. "Mtachoka. Tafuteni chungu. Hiki ni cha Kilatini, maana yake bwana, mwenye mamlaka. Dominate ni kutawala, kumkalia mtu. Domain ni eneo la bwana. Esteri, tuelezee danger."

Neno hilo wote walilijua. Liliandikwa kwenye malori ya petroli yapitayo kwenda Manyovu. Esteri alishika chaki. Alieleza kwamba hapo zamani danger ilikuwa nguvu ya bwana juu ya mtu aliye mikononi mwake, bwana anayeweza kumfanya mtu huyo lolote. Baadaye likawa jina la hatari yoyote.

"Kama mwanamke aliyekatazwa na mumewe kusoma," Zena muuza maandazi alidakia. Darasa zima likacheka. Kumbe vicheko vyenyewe ndivyo hivi.

Esteri peke yake hakucheka. "Mume wangu si hatari," alisema. "Anaogopa nikijua, nitamwona mdogo. Mimi natamani angekuja tusome wote."

Tharsisi aliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Alitaka kuondoka, lakini mwalimu alikwisha kumwona.

"Karibu ndani, mzee. Neno hili la chunguni umewahi kulisikia?"

Alilisikia sana. Utotoni, huko Burundi, alitumikia misa ya Kilatini. "Dominus vobiscum," alisema kwa sauti ndogo. "Bwana awe nanyi. Padri alisema hivyo kila asubuhi." Esteri alimtazama kama siku ile alipokuja kumposa.

Tharsisi akapata nguvu ya kuuliza. "Na mwanamke je? Chungu hiki ni cha mabwana tu?"

Reverien alichora mrija mwingine, akaandika madam. "Bibi mwenye mamlaka. Limepitia Kifaransa. Ila tahadhari, si maneno yote yanayofanana ni ndugu. Kamusi ndiyo inayoamua."

Jioni ile Esteri alirudi amekaa nyuma ya baiskeli. Njia nzima Tharsisi alimuuliza maneno, yeye akijibu.

Jumatatu, daktari wa zahanati alimuuliza Esteri lugha gani ni predominant kati ya wajawazito wa kambini. Neno hilo hakuwahi kulisoma. Kisha akakiona chungu cha dominus ndani ya neno. Lugha inayotawala kuliko nyingine. Alijibu kwamba ni Kirundi. Kazi akapewa.

Siku ya kwanza ya kazi Tharsisi alimpeleka mpaka barabarani. Gari la zahanati liliposimama, dereva, kijana mwenye miwani ya jua, alimfungulia Esteri mlango. "Karibu, madamu," alisema.

Wivu ulimchoma Tharsisi palepale, maana wivu haufi siku moja. Aliumeza. Akampa mkewe mkoba mikononi.

"Nenda salama, madamu," alisema naye.

Esteri alicheka hadi gari likaondoka. Tharsisi akageuza baiskeli kuelekea shambani. Maharage yalimngoja, na alasiri lilimngoja darasa la Reverien.