Somo Lililokatizwa na Kengele

Komeo la kabati lilikuwa limeng'olewa na kutupwa sakafuni, na bahasha haikuwepo.

Karani Lazaro alisimama katikati ya ofisi, mikono kichwani. "Saa sita nimefunga kwa mkono wangu, afande. Nimekwenda kula. Saa saba na robo narudi, nakuta hivi."

Inspekta Laurian Ntandu alikuwa tayari amepiga magoti mbele ya kabati. Miaka kumi na minne alikuwa ameshughulika na wezi wa ng'ombe, wavunjaji wa maduka na muuaji mmoja aliyejificha Itigi kwa miezi mitatu. Hakuwahi kuibiwa ndani ya chuo cha polisi. Moyo ulikuwa unamdunda, na wala hakuona haya kukiri kwamba sehemu ya mdundo huo ilikuwa furaha. Tangu aletwe kufundisha, hiki kilikuwa kisa cha kwanza cha kweli.

Ilikuwa Jumanne, mwaka 1968. Chuo kilikuwa kidogo, mabweni mawili na uwanja wa gwaride, nje ya mji wa Singida ukitokea Utemini. Kurutu ishirini na wanne walikuwa wamebakiza siku kumi na moja wavishwe uaskari. Bahasha iliyoibwa ilikuwa imefika asubuhi hiyo kwa basi kutoka Dodoma, imepigwa lakiri nyekundu ya Makao Makuu. Ndani yake yalikuwamo majibu ya alama za vidole. Kila kurutu alipoingia chuoni alipakwa wino vidole vyote kumi, na karatasi zikapelekwa Dar es Salaam zikalinganishwe na kumbukumbu za wahalifu wa nchi nzima. Aliyewahi kuhukumiwa angejulikana. Mkuu wa Chuo alikusudia kuyasoma saa nane mbele ya gwaride, na Lazaro, ambaye siri haikai kinywani mwake, alikuwa amemtangazia kila mtu wakati wa chai.

Mlangoni alisimama mlinzi wa zamu, Dina Mazengo, mwanamke pekee katika kozi nzima. Alikuwa amekakamaa, macho mbele.

"Uliondoka hapa?" Ntandu alimuuliza.

"Sikuondoka, afande."

"Hata kwenda kunywa maji?"

"Hata maji."

"Nani alipita?"

"Wote walipita, afande. Walikuwa wanakwenda kula. Hakuna aliyeingia mlango huu."

"Ulisikia nini?"

"Upepo. Bati la stoo linagonga tangu asubuhi. Hapa hata ukiitwa jina lako husikii."

Hilo lilikuwa kweli. Upepo wa Singida mwezi wa nane unavuma bila adabu, na muda huo huo bati lilipiga tena kama mtu anayegombana na jirani.

Mkuu wa Chuo, Mrakibu Ezekieli Kiula, aliingia akiwa amekunja uso. Alikuwa mtu wa haki, ila haki yake ilipenda kwenda mbio. "Mlinzi ni yeye. Mali imepotea mikononi mwake. Lori la Manyoni linaondoka saa kumi. Mazengo, kafunge sanduku lako."

Dina alipiga saluti. Kwao, kijijini huko Manyoni, watu walikuwa wamemwambia baba yake wazi kwamba msichana huyu atarudi kabla mwezi haujaisha. Alikuwa amemaliza miezi mitano na nusu.

"Afande," Ntandu alisema, "sasa ni saa saba na nusu. Nipe mpaka lori liondoke."

"Unayo mpaka saa kumi. Dakika moja zaidi huna."

Ntandu alifungua mkoba wake, akatoa brashi laini na kichupa cha unga mweusi. Alipuliza unga kwenye mlango wa kabati, kwenye mpini, ukingoni, kisha kwenye fremu ya dirisha la nyuma ambalo kitasa chake kilikuwa wazi. Alitazama kwa kioo cha kukuzia. Alitazama tena.

"Lazaro, leo umefungua kabati hili mara ngapi?"

"Mara sita, saba hivi."

"Ulivaa glavu?"

"Glavu? Mimi, afande?"

"Basi vidole vyako viko wapi?"

Lazaro alitazama mikono yake, kana kwamba angeweza kuviona vimepotea.

"Hakuna hata kidole kimoja," Ntandu alimwambia Mrakibu. "Cha mwizi hakuna, na cha mwenye kabati hakuna. Limefutwa lote. Sasa niambie, afande. Mwizi gani wa mkoa huu anajua kufuta alama za vidole? Wa kwetu anavunja, anabeba, anakimbia. Huyu kasimama hapa akasugua chuma kwa kitambaa huku mlinzi yuko upande wa pili wa ukuta. Huyu amefundishwa."

"Na nani?"

"Na mimi. Jana asubuhi."

Mrakibu alikaa kwenye kiti cha karani.

"Jana nilifundisha Kundi la Kwanza alama za vidole," Ntandu aliendelea. "Watu kumi na wawili. Kundi la Pili watasoma Alhamisi. Dina yuko Kundi la Pili."

"Wanalala chuo kimoja, wanakula meza moja. Angeweza kuhadithiwa."

"Ndiyo. Kwa hiyo bado natafuta."

Nje ya dirisha hapakuwa na kitu, upepo ulikuwa umefagia mchanga wote. Ndani, chini ya dirisha, palikuwa na meza ya mbao ambayo Lazaro huipaka polishi kila Jumatatu na kuisifia wiki nzima. Aliyeingia dirishani lazima aikanyage. Ntandu aliinama mpaka shavu likakaribia kugusa mbao, akaitazama kwa ubavu dhidi ya mwanga. Kisha akachukua brashi, mkono ukienda taratibu sana.

Ulitokea unyayo. Mguu mtupu wa kulia, vidole vitano na kisigino chake, na ndani yake mistari midogo midogo imejipanga vizuri kabisa.

"Alivua buti," Ntandu alisema, na sauti ilimpanda. "Buti za kurutu zimegongwa namba kisiginoni, hilo analijua. Amefuta kabati, amefuta dirisha, meza hakuigusa. Afande, jana kengele ya chakula ililia nikiwa katikati ya somo. Nilikuwa nimefundisha vidole tu. Sikufika kwenye nyayo. Huyu anajua kila nilichosema jana na hajui hata neno moja nililobakiza. Wa kuhadithiwa angekumbuka nusunusu. Huyu aliandika."

Alikwenda moja kwa moja kwenye simu, akaomba Makao Makuu kupitia Dodoma: wasome upya majibu ya kurutu wote. Opereta alimwambia asubiri, laini ina watu. Ntandu alimwachia Lazaro kipokeo, akaenda jikoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mama Leah, mpishi, bila kuacha kusugua sufuria. "Umekuja kwa hii takataka?" Alinyoosha mwiko kwenye jiwe la jiko. Lakiri nyekundu ilikuwa imeyeyuka na kugandia hapo. "Nani anachoma nta kwenye jiko langu?"

"Ulimwona nani hapa, mama?"

"Wote walipanga foleni hapa. Nikiwa napakua ugali simtazami mtu usoni, natazama sahani."

Bahasha ilikuwa imekwisha kuwa majivu. Saa ilikuwa nane na dakika ishirini.

Saa tisa kasoro robo Kundi la Kwanza lilikuwa limekaa kwenye mabenchi darasani. Mrakibu alisimama nyuma. Ntandu aliandika ubaoni, akajipangusa chaki, akaanza kama siku nyingine yoyote.

"Jana kengele ilitukatiza. Leo namalizia. Mistari iliyoko vidoleni iko pia chini ya mguu. Mtu akikanyaga mahali laini bila viatu anaacha alama, na hazifanani kwa watu wawili duniani. Vueni buti mjitazame."

Darasa lilichangamka. Kurutu wakavua buti na soksi, wakapandisha miguu magotini, wakaanza kuchekana. "Wewe mistari yako imejaa tope," mmoja alimwambia mwenzake, na benchi zima likacheka. Ntandu alikuwa anawahesabu. Miguu kumi na mmoja ilikuwa juu.

Antipasi Njiku hakuinua wake. Antipasi, aliyekuwa akiongoza kila mtihani tangu mwezi wa kwanza wa kozi, ambaye kalamu yake ilikuwa inatangulia swali la mwalimu. Alikuwa amevua buti kama wenzake, kisha akaikandamiza miguu sakafuni, kalamu imelala juu ya daftari. Ntandu aliumia kweli. Alikuwa amekwisha kuandika barua ya kumwombea kijana huyo nafasi katika upelelezi.

"Njiku, huandiki leo?"

"Nasikiliza, afande."

"Njoo mbele. Utakuwa mfano."

Alikuja. Ntandu alimpaka wino unyayo wa kulia, akaukandamiza kwenye karatasi nyeupe, akaweka karatasi kando ya nakala ya alama ya mezani, aliyoibandua mchana kwa utepe wa gundi. Chini ya dole gumba palikuwa na kovu la mwiba lililokata mistari mitatu. Lilikuwapo kwenye karatasi. Lilikuwapo kwenye nakala.

Walimhoji ofisini, mlango umefungwa. Dina aliitwa asimame pembeni, kwa kuwa jambo lilimhusu.

"Ulikuwa wapi saa sita na nusu?"

"Foleni ya chakula, afande."

"Kabla ya foleni?"

Antipasi alitazama mguu wake wenye wino. "Nimechukua mimi," alisema. "Niliingia dirishani. Nilichoma jikoni."

"Kwa nini?"

"Mwaka hamsini na saba nilifungwa miezi sita, Kiomboi. Nilikuwa na miaka kumi na sita." Alizungumza haraka, kama anayetua mzigo. "Tarishi wa mtemi alikuja nyumbani kwa sababu mama hakulima matuta kama walivyoamrisha Waingereza. Mama alikuwa na homa. Tarishi akamcharaza kiboko mbele yetu. Nikamsukuma, akaanguka kwenye jiwe, mkono ukavunjika. Walinipaka wino vidole vyote kumi."

"Na fomu ya kuingia hapa iliuliza kama umewahi kufungwa."

"Niliandika hapana. Afande, mimi nilitaka kuwa askari ambaye hatamchapa mama wa mtu. Nikajua nikiandika ndiyo, hamtanichukua."

Mrakibu Kiula alipiga meza kwa kiganja. "Umefungwa na mkoloni kwa kumtetea mama yako, katika nchi hii, leo, ukaona utafukuzwa? Ungeandika tu. Ningekupokea kwa mikono miwili."

Simu ililia. Ntandu aliipokea mwenyewe, akafunga sikio la pili kwa kidole. Sauti ya Dar es Salaam ilikuja na kupotea, ikaja tena. Alirudia kila jina kwa sauti, la kwanza hadi la ishirini na nne. Alishukuru, akaweka chini kipokeo.

"Ulisoma ile barua kabla ya kuichoma?" aliuliza.

"Sikusoma, afande. Niliogopa kuliona jina langu."

"Jina lako lilikuwemo, la saba. Limeandikwa 'hana kumbukumbu ya uhalifu.' Wote mmeandikwa hivyo. Alama zako za Kiomboi hazikufika Dar es Salaam. Hakuna aliyezituma."

"Kwa hiyo ningemaliza," Antipasi alisema.

"Ungemaliza. Sasa utakuwa na kumbukumbu moja, nayo ni ya leo."

Ntandu alikasirika, na hakujua amkasirikie nani. Alimkasirikia kijana, na yule tarishi wa zamani, na kengele. Alichukua kalamu akaanza kuandika maelezo ya mtuhumiwa, neno kwa neno, kama alivyowafundisha.

Saa kumi kasoro dakika tano lori lilinguruma uwanjani. Lingepitia kituo cha polisi cha mjini kabla ya kushika njia ya Manyoni. Mrakibu alijikohoza.

"Kurutu Mazengo."

"Afande."

"Sanduku lako lirudishwe bwenini. Nilikosea, na nitasema hivyo kwenye gwaride. Sasa msindikize mtuhumiwa mpaka kituoni, umkabidhi, urudi na hati ya kupokelewa."

Dina alipiga saluti. Alimfunga Antipasi pingu, akahakikisha hazimbani, wakatoka wote wawili kwenye upepo. Karibu na lori Antipasi alisimama.

"Nisamehe, dada," alisema. "Sikufikiria kwamba watakubambikia kosa wewe. Sikujua ni zamu ya nani."

Dina alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu mchana.

"Ulijua," alisema. "Ulipita mbele yangu ukanisalimia, ukaniuliza kama nimechoka kusimama."

Antipasi alipanda lori kwa taabu kwa sababu ya pingu, na Dina akamshika kiwiko asianguke, kisha akapanda naye, akakaa mkabala naye hadi mjini.