Kilima cha Mwangeme Hakina Mtu

Maiti ya Pantaleo Mabula ilitolewa shimoni kwa kamba ya kuvutia mchanga, miguu ikitangulia, kiatu kimoja kikabaki chini.

Wachimbaji wa Mwakitolyo waliilaza juu ya turubai wakasogea pembeni. Hakuna aliyeuliza ni nani. Usukuma nzima ilimjua Pantaleo. Asiyeijua sura yake aliyajua maneno yake. Kila garimoshi liliposhusha gazeti pale Shinyanga, watu walijazana mgahawani kwa Mama Zuleha, wakaagiza chai, aliyejua kusoma akasoma na wasiojua wakabisha. Pantaleo aliandika habari za watemi wa kale, ngoma za mashindano, ukoo upi ulitoka wapi na nani alimtorosha mke wa nani kabla Mjerumani hajakanyaga nchi hii. Aliandika kama mtu anayesengenya, ila yake yalikuwa kweli. Ndiyo maana walimpenda. Ndiyo maana pia wako waliomwogopa.

Sajini Fikirini wa upelelezi alichuchumaa akageuza kichwa cha marehemu taratibu. Kisogoni palikuwa na jeraha. Halikuwa ufa wa mtu aliyeanguka kwenye mwamba. Lilikuwa tundu lenye kona nne, safi, kama limepigwa muhuri.

Akapekua mifuko. Saa ipo. Pesa zipo.

"Hakuibiwa," alimwambia askari wake. "Wala hakujitumbukiza. Mpelekeni Kolandoto, daktari wa misheni amtazame vizuri."

Alipofika kituoni alikuta kazi imekwisha bila yeye. Mzee Bujiku, mfugaji wa chini ya kilima cha Mwangeme, alikuwa ndani, kafungwa pingu, shuka lake moja begani. Bwana Inspekta, Mzungu mwenye haraka, alimweleza Fikirini kwa kifupi kwamba shahidi amepatikana, mshukiwa amepatikana, kilichobaki ni karatasi za kwenda mahakamani. Na mahakamani, kwa kosa la kuua, mzee angenyongwa.

Shahidi alikuwa Hatibu, karani na mkalimani wa kambi ya Mzungu mtafuta dhahabu, yule aliyechokonoa vilima vya Geita kisha akahamia huku. Hatibu alikuwa kijana wa Pwani, kanzu nyeupe hata penye vumbi. Kisukuma alikisema vizuri, watu wakamsifu. Lakini alikisemea gulioni na kambini tu. Jioni hata moja hakuwahi kukaa uani kwa Msukuma. Alidai wananuka maziwa.

Taarifa yake ilikuwa nyepesi. Aliwaona Bujiku na Pantaleo chini ya kilima cha Mwangeme, wakazungumza, wakagombana, mzee akashika kitu. Yeye akaenda zake.

Na kweli, Bujiku alikuwa na la kujibu. Mwezi uliopita gulio zima lilimsikia akimfokea Pantaleo: umeandika gazetini kwamba mawe ya kilima chetu yanang'aa, sasa ona, wageni wamejaa na manyundo. Watu wakaongeza chumvi, kama kawaida ya watu, hata ikasemwa mzee alimlaani mbele za watu.

Fikirini alimfuata mahabusu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kunifunga na miguu?"

"Nimekuja kuuliza. Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Kunywesha ng'ombe."

"Nani alikuona?"

"Ng'ombe." Mzee alimtazama. "Waite. Labda kwa Bwana wako wataaminika kuliko mimi."

Alieleza mengine bila kubembelezwa. Ugomvi ule ulikwisha. Pantaleo alirudi siku tatu baadaye, kichwa chini, akamwomba mzee amwonyeshe makaburi ya watemi waliozikwa Mwangeme, aandike habari ya pili, serikali ijue kilima kina wenyewe. Tangu hapo alikuwa analala kwa Bujiku kama mtoto wa nyumbani. Jana asubuhi alipanda kilimani peke yake. Hakurudi.

Fikirini alitoka akiwa na moto kifuani. Mtu anaitwa muuaji wa mgeni aliyekuwa akila naye bakuli moja, na hakuna aliyejisumbua kumuuliza swali.

Kesho yake asubuhi alipitia Kolandoto, daktari akamthibitishia: pigo moja, kutoka nyuma, kwa chuma chenye uso wa mraba. Jembe haliachi alama hiyo, wala rungu. Kutoka hapo akaenda kambini. Mzungu wa dhahabu alikuwa porini na vibarua wake, Hatibu ameitwa kwenye baraza la mtemi kutoa ushahidi mbele ya wazee. Fikirini alizungumza na mpishi, akanywa chai yake, akasikiliza umbea wote wa kambi tangu mwanzo hadi mwisho. Alipoondoka alikuwa na kitu amekifunga ndani ya gunia.

Baraza la mtemi lilikuwa limefurika hadi uani. Wazee walikaa mbele, wanawake nyuma, na watu wa mjini waliokuja kwa baiskeli wasipitwe. Bwana Inspekta alikaa kwenye kiti cha kukunja. Fikirini aliomba shahidi arudie maneno yake, wazee nao wasikie. Hatibu alisimama, akaikung'uta kanzu.

"Uliwaona saa ngapi?"

"Jua la utosi."

"Wakifanya nini?"

"Wamekaa. Mzee anamsimulia hadithi."

"Hadithi au mazungumzo?"

"Hadithi, Sajini. Ya fisi na sungura. Mzee anaimba, Pantaleo anaitikia, anacheka. Kisha wakaanza kutupiana maneno."

"Una hakika? Usije ukawa umechanganya."

Hatibu akatabasamu. "Kisukuma nakijua. Niliusikia hata wimbo."

Wazee walitazamana. Nyuma, mwanamke mmoja alicheka kicheko kikavu kisicho na furaha. Alikuwa Limi, mke wa Bujiku. Bwana Inspekta aliuliza mama yule anacheka nini. Fikirini akamgeukia.

"Mama, mzee wako husimulia hadithi mchana?"

"Mchana? Ng'ombe wapotelee porini?" Limi alisimama. "Mjukuu wangu akililia hadithi jua linawaka, namwambia subiri jioni, moto uwashwe shikome, wanaume wakae kuuzunguka. Hata kichaa wetu hasimulii mchana. Na Pantaleo alilijua hilo. Siku alizokaa kwetu, mchana kutwa alikuwa ananisaidia kupura mtama, anasubiri jua lizame. Karani umewaona watu gani wewe?"

Baraza liliguna. Fikirini mwenyewe, ambaye baba yake alikuwa Mmanyema wa mjini, alikuwa amekatazwa jambo hilo hilo na mama yake mzazi, Nyamizi wa Kishapu. Alimfasiria Bwana Inspekta. Bwana Inspekta akasema kwa ukali kwamba mila si ushahidi.

"Ndiyo, Bwana. Mila imenionyesha nani anadanganya. Ushahidi uko humu."

Alifungua gunia. Ndani mlikuwa na nyundo ya kuvunjia miamba, upande mmoja ncha, upande mwingine uso wa mraba. Chuma kilikuwa chakavu. Mpini ulikuwa mpya, mti wake bado mbichi.

"Hatibu, nyundo hii ya nani?"

"Ya kambi."

"Mpishi anasema ni wewe unayetembea nayo."

"Wakati mwingine."

"Mpini wa zamani uko wapi?"

"Ulivunjika."

"Lini?"

Hatibu akaanza tena kuikung'uta kanzu.

"Mpishi anasema uliuchoma jikoni kwake juzi jioni, ukamwambia umeliwa na mchwa. Chuma ulikiosha vizuri. Lakini hapa kwenye tundu, mpini unapopita, maji hayakufika." Fikirini aling'oa mpini. "Bwana, tazama. Damu iliyoganda. Na nywele. Za mtu mweusi, fupi. Mzungu wa kambi ana nywele za rangi ya mahindi."

Hatibu alikaa chini bila kuambiwa. Kanzu ikaingia vumbini naye hakuijali.

"Nilimsihi asiandike," alisema.

"Asiandike nini?"

Hatibu alichora vumbini kwa kidole.

"Wazee wanasubiri, Hatibu. Mmoja wao alikuwa anakwenda kitanzini kwa ajili yako."

"Siku ile ya kibali cha kuchimba," akasema, macho chini. "Afisa wa madini alikuja. Aliuliza kama kilima kina mwenyewe, kama kuna makaburi. Wazee wakajibu. Mimi ndiye niliyefasiri."

"Walijibu nini?"

Ilikuwa sauti ya Bujiku iliyomjibu, kutoka kwenye benchi la washtakiwa. "Tulisema watemi wetu wamelala pale. Tuliwataja kwa majina, mmoja baada ya mwingine, hadi jua likageuka."

"Na wewe ukamwambia afisa nini?" Fikirini alimuuliza Hatibu.

"Nikamwambia wanasema kilima cha Mwangeme hakina mtu."

Wazee wale walikuwa wameshangaa kwa miezi kwa nini serikali imewasikia ikawapuuza. Kumbe haikuwahi kuwasikia. Mzee mmoja alijifunika uso kwa shuka.

Yaliyobaki Hatibu aliyatapika mwenyewe. Mzungu wa dhahabu alimwahidi fungu kilima kikitoa, naye alikwisha kujiona na duka mjini. Pantaleo alipozungumza na wazee aliufahamu uongo. Juzi walikutana kilimani. Hatibu alimsihi, akamwahidi nusu ya fungu lake. Pantaleo akamcheka, akageuka kuendelea kuyapima makaburi. Alipoinama ndipo Hatibu alipompiga. Kisha akamburuta hadi kwenye shimo lililoachwa, na kutafuta mzee wa kumbebesha kosa.

Fikirini alimfungua Bujiku pingu, akamfunga nazo Hatibu. Bwana Inspekta alisimama, akavaa kofia, akasema kazi nzuri, kesi imekwisha.

"Bado," alisema Limi. "Yule aliyemwahidi fungu atashikwa lini? Na wale wenye nyundo watashuka lini kilimani?"

Fikirini alifasiri swali. Bwana Inspekta alijibu kwa maneno machache huku akitafuta ufunguo wa gari, akamwonyesha Sajini kwa kichwa kwamba awaambie vizuri, wasiudhike.

Sajini Fikirini aliwageukia wazee. Akafasiri neno kwa neno, hakupunguza wala hakulainisha.

"Bwana anasema kibali ni halali na kilima si kazi ya polisi. Kazi ya polisi ni maiti."

Bujiku alikuwa anajisugua vifundo vya mikono mahali chuma kilipombana.

"Mwambie," alisema, "hata watemi wetu waliolala kilimani ni maiti."