Hodi Kutoka Kituo cha Mlimani

Mzaha wa fundi mitambo ndio uliomponza. Alikuwa na mtoto mchanga, aliyepatikana baada ya kungojwa miaka, na hakutaka kumwacha kila mara ili kukagua vituo vya kupimia mvua huko porini. Basi kila swichi ya mtandao, kile kisanduku cha kuchomekea waya za mawasiliano, akaipangia imtumie ujumbe kwenye simu mtu akichomeka waya. Wenzake huandika, "Waya umechomekwa." Yeye, kwa utani wake, akaandika, "Hodi!" Kila alipoijaribu aliitika kwa sauti, "Karibu, karibu nyumbani!" akacheka peke yake. Hata swichi ya majaribio, iliyokuwa chini ya meza ya sebuleni kwake, aliipangia hivyo hivyo.

Kituo cha mlimani kikaanza kupiga hodi mchana kweupe, na hakuna aliyetumwa kule. Akamshuku mume wa dada yake, aliyekuwa mlinzi wa pale.

"Shemeji, unachezea mitambo yangu?"

"Haki ya Mungu sijagusa! Funguo si unazo wewe?"

"Usinifanye mtoto. Nikikukamata, undugu pembeni."

Akapanda mlima kwa hasira. Kufuli lilikuwa na utando wa buibui, mzima. Alipofungua akapigwa na harufu ya marashi na manyoya mabichi, na nywele zikamsimama, maana waya zote za mawasiliano zilikuwa zimening'inia msumarini kama alivyoziacha, tundu la swichi li tupu, na bado taa yake ilikuwa ikipepesa, ikipepesa, na simu mfukoni ikilia hodi, hodi, hodi, mpaka akaung'oa umeme.

Kimya. Shemeji yake alikuwa amebaki nje ya mlango.

"Siku ile unafunga mitambo hii," akanong'ona, "nilikusikia ukisema karibu nyumbani. Ulikuwa ukimkaribisha nani?"

"Nilikuwa najaribu tu, jamani."

"Hodi ya usiyemwona haiitikiwi, shemeji. Hilo nalo ulihitaji kufundishwa?"

Kabla hajajibu, simu ikalia tena. Hodi! Safari hii ilitoka kwenye swichi ya sebuleni. Akampigia mkewe huku machozi yakimlenga.

"Mama Kichuna, usimwitikie mtu!"

"Mbona nimeshaitika? Mgeni wako yuko hapa, anasema ulimkaribisha mwenyewe. Ananukia marashi huyo! Amempakata mtoto, na mtoto amenyamaza kabisa."