Mkanda wa Meneja

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, binti wa fundi nguo alifagia vipande vya kitambaa chini ya meza, akajaza uzi kwenye bobini, kisha akamwondoa Meneja mlangoni ili wateja wapate pa kupita. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa kazi hasa. Meneja alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limesimama na lingine limelala, na jina alilipata kwa tabia yake ya kukagua kila kitu. Alinusa viatu vya wateja, akachungulia mifuko yao, na mama akimpima mtu kiuno, yeye alisimama pembeni kuhakikisha kazi inakwenda sawa.

Binti mwenyewe mtaani walimwita Cherehani. Si kwa ajili ya kazi ya mama yake, hata kidogo! Ni kwa ajili ya mdomo. Akishaanza kuongea, hasimami mpaka uzi ukatike.

"Mwanangu, funga breki kidogo, mteja naye anataka kusema," mama yake alimwambia mara kwa mara, na mteja akacheka.

Mwaka huo mama alipata kazi kubwa. Ofisi ya mifugo ilimletea kitambaa kigumu cha njano ashone mikanda ya shingoni ya mbwa. Gari la matangazo lilikuwa limepita mitaani likirudia kanuni za mji mpaka watoto wakazijua kwa moyo: kila mbwa na kila paka achanjwe kila mwaka kuzuia kichaa cha mbwa; mbwa akishachanjwa, avalishwe mkanda wa njano; asiye na mkanda akionekana anazurura, atakamatwa.

Nyumba ikajaa njano. Mama alishona, Cherehani akageuza mikanda na kukata nyuzi, na Meneja akalala juu ya kitambaa kila walipogeuka upande wa pili.

"Siku ya chanjo mimi sitatoka hapa, lazima nimalizie mikanda ya mitaa mingine," mama alisema. "Wewe utampeleka Meneja. Umenisikia?"

"Sawa, mama."

Maneno mawili tu, na kimya! Mama asingekuwa na haraka, angeshtuka.

Ukweli ni kwamba Cherehani hakutaka kabisa kwenda. Mwaka uliopita Meneja alipodungwa sindano alilia, watu wakamcheka, halafu akajificha chini ya kitanda na kukataa kumsogelea Cherehani hata kwa chakula. Jambo hilo lilimuuma binti huyu kuliko kuchapwa.

Basi siku ya chanjo ilipofika, kabla ya kutoka nyumbani, alichukua mkanda mmoja kwenye rundo la mama akautia mfukoni. Walipokaribia uwanja, walikuta mbwa wanabweka kwenye foleni na paka wanafoka ndani ya vikapu. Meneja alikaza miguu, akatetemeka, akamwangalia rafiki yake kwa macho ya kuomba. Cherehani akazunguka naye nyuma ya ukuta, akachuchumaa, akamvalisha mkanda.

"Haya, umeshachanjwa," alimnong'oneza. "Si wanataka mkanda? Mkanda ndio huo."

Nyumbani, mama aliinua macho kidogo tu kutoka kwenye mshono. "Alilia?"

"Kidogo, mama."

Wiki zikapita. Meneja alitembea mtaani kichwa juu, hakuna wa kumgusa. Kisha gari la matangazo likapita tena na habari mbaya: upande wa pili wa soko amepatikana mbwa mwenye kichaa. Watu waangalie wanyama wao. Cherehani alisikia. Meneja alikuwa anazunguka mpaka huko sokoni, na nani ajuaye alikutana na nani? Alitaka kumwambia mama. Akasema atamwambia kesho. Kesho ikafika, akasema kesho tena.

Jumamosi iliyofuata, mtoto wa jirani aliyeitwa Kibonge, bado mdogo wa chekechea, alimkuta Meneja uani anatafuna mfupa. Kibonge naye alikuwa haogopi kitu. Akaushika mfupa akauvuta. Meneja akanguruma, mtoto akavuta zaidi, na kufumba na kufumbua Meneja akamng'ata mkononi.

Uwii! Yowe lile liliwatoa watu wote. Mama Kibonge, ambaye alikuwa msusi na saluni yake ilikuwa mlango wa pili, alikuja mbio na kitana mkononi. Fundi nguo akatoka na pini mdomoni. Damu ilikuwa kidogo, jino lilikuwa limetoboa ngozi karibu na kidole gumba.

Msusi alimwangalia mbwa, akaona njano, akashusha pumzi. "Afadhali huyu ana mkanda. Nyamaza baba, nyamaza, ni mkwaruzo tu." Akamfunga mtoto kitambaa. "Ngoja nirudi ndani, nina mteja nimemwacha na kichwa nusu."

Mama naye akarudi kwenye mshono wake. Uani wakabaki Cherehani na Meneja.

Daktari wa mifugo aliwahi kuja shuleni kwao na kuwaambia wazi: ugonjwa huu dalili zikishaonekana, hauponi, kwa hiyo anayeng'atwa awahi zahanati siku hiyohiyo. Maneno hayo yalikuwa yanamgonga kichwani. Lakini akisema, watamchukua Meneja. Pengine watamuua. Na mama yake atatazamwa vipi mtaani, yeye aliyeaminiwa mikanda ya mji mzima?

Kutoka saluni akasikia sauti ya Kibonge. Alikuwa ameshasahau maumivu, anacheka na mteja. Kicheko kile kilimmaliza Cherehani. Alitoka mbio akaingia saluni bila hodi.

"Shangazi, mpeleke Kibonge zahanati! Sasa hivi! Meneja hajachanjwa mwaka huu."

Kitana kilianguka. "Unasema nini wewe? Si nimeuona mkanda?"

"Nilimvalisha mimi. Niliuchukua kwa mama. Nilimwonea huruma, nikadanganya."

Mama yake alikuwa ameshafika mlangoni, na maneno yote aliyasikia. Uso ulimbadilika. Lakini hakugomba. "Maji na sabuni," alisema. "Haraka."

Walimweka Kibonge chini ya bomba na kumwosha kidonda kwa sabuni, wakaosha tena na tena maji yakitiririka, na mtoto akalilia sabuni kuliko alivyolilia meno. Kisha wakashika njia, msusi kambeba mwanawe, mama na Cherehani nyuma. Mteja naye hakukubali kubaki. Alifuata na kichwa chake, upande umesukwa na upande umesimama kama ufagio. "Twendeni," alisema, "nywele zitasubiri." Watu njiani walimgeukia, yeye wala hakujali.

Muuguzi alikiosha kidonda upya, akampa Kibonge sindano ya kwanza na kumpangia tarehe za nyingine.

"Mmewahi, na hilo ndilo jambo kubwa," alisema. "Ila mama, sikiliza. Hata mbwa angekuwa amechanjwa, ungepaswa kuja. Mtu aking'atwa na mbwa, anaosha jeraha kwa maji mengi na sabuni, halafu anakuja hapa. Mambo ya kuangalia mkanda mtuachie sisi."

Msusi aliitikia kwa kichwa. Njia nzima ya kurudi hakumsemesha Cherehani hata neno, na Cherehani aliona ni haki yake.

Jioni daktari wa mifugo alifika, akiwa amepewa taarifa na zahanati. Cherehani akamkimbilia. "Daktari, mtamuua?"

"Nani kakwambia? Mbwa asiye na dalili hauawi. Atafungwa hapa uani siku kumi, nami nitakuja kumwangalia. Akikataa chakula, akidondokwa na mate, akibadilika kwa namna yoyote, mnaniita upesi na hakuna wa kumgusa. Na chakula chake msukumieni kwa fimbo."

Walipobaki wawili, mama alikaa karibu na bintiye. "Mkanda mmoja si kitu, kitambaa kipo. Kilichoniuma ni kwamba jirani yangu aliiona kazi ya mikono yangu akaiamini, na ilikuwa uongo. Na mimi nina kosa langu. Nilishona mikanda ya mbwa wa wenzangu, wa kwangu sikumfuatilia. Kibonge akienda kuchomwa sindano, utakwenda naye. Kila mara."

Cherehani akaenda, kila mara. Alimshika Kibonge mkono, akamsimulia visa mpaka sindano ikaisha bila mtoto kujua, na muuguzi akasema angependa kumwajiri. Nyumbani alikuwa akiamka na kukimbilia uani kabla ya kunawa uso. Meneja anakula? Anakula. Anatikisa mkia? Anatikisa, tena kwa hasira ya kufungwa.

Siku kumi zilipotimia, daktari alimkagua mbwa kuanzia meno mpaka mkia. "Mzima huyu. Sasa tumchanje. Nani atamshika?"

"Mimi," Cherehani alisema.

Akakikumbatia kichwa cha Meneja. Sindano ikaingia, Meneja akalia mara moja, kisha akaanza kuukagua mkoba wa daktari. Cherehani alicheka huku machozi yanamtoka.

"Umeona? Ni maumivu ya dakika moja," daktari alisema. "Binti, mkanda ni wa macho ya watu. Virusi havina macho. Kinachomkinga mbwa ni chanjo, na kinachotukinga sisi ni kuambiana ukweli. Kanuni ukiifuata nusu, watu wanajiona salama kumbe hawako salama, na hapo ndipo mtu anapoumia."

Msusi alikuwa amesimama pembeni na Kibonge. Akasogea.

"Sitakuficha, nilikukasirikia," alimwambia. "Usiku usingizi haukuja. Lakini kila nikiwaza, naona kitu kimoja. Mimi nilikuwa nimeshafunga kitambaa na kurudi kusuka. Ungekaa kimya, nisingejua kamwe. Hakuna aliyekutuma, hakuna aliyekubana. Ulikuja mwenyewe, wakati ule ambao kusema kulikuwa bado kunasaidia."

Akamvuta kifuani akamkumbatia, na Cherehani akalia kwa sauti, bila aibu, mbele ya daktari na mama yake. Kibonge aliwatazama wote wawili akashangaa.

"Kwani naye amechomwa sindano?" akauliza.