Mkondo Alioambiwa Mjomba

"Samaki kameza. Rudia, samaki kameza."

Ngisi aliinamia redio ya Motorola iliyojificha chini ya kola. "Kameza wapi?"

"Mkondo wa kaskazini. Boti mbili, injini za Yamaha, wapiga mbizi wanne. Wanazama sasa hivi."

Ngisi alitazama mlango wa ukumbi.

"Ngisi! Huo mkondo ulimtajia nani?" Mkuu wake aliuliza redioni.

Alimtajia mtu mmoja tu. Mjomba wake.

Ngisi alikuwa ameingizwa kwa siri kwenye kituo kile cha utafiti wa bahari kama karani wa mikutano. Wakubwa walikuwa wanapanga kazi ya miaka mitano: watafiti nini baharini, wafundishe nini mashuleni, wawaeleze nini watu wa pwani. Lakini kila walipochagua mahali pa kuachia majongoo bahari machanga, wafanya magendo walifika kesho yake. Wanakomba, wanakausha, wanapeleka ng'ambo. Kulikuwa na mdomo humo ndani, mtu anayetoboa siri.

Basi Ngisi akatega. Alinong'oneza mahali pa uongo patatu kwa watu watatu. Mkurugenzi alipewa mwamba wa kusini. Mtafiti mkuu, ghuba ya mikoko. Mjomba, mkuu wa elimu kwa jamii, akapewa mkondo wa kaskazini. Yeye alitiwa humo ili tu afutwe kwenye orodha ya washukiwa. Mtu aliyemlea tangu hajaota meno ya mbele! Tena ndiye aliyemwombea ukarani. "Mchukueni binti yangu huyu," alimwambia mkurugenzi, "ana adabu."

"Mfunge," Mkuu alisema redioni. "Mbele ya wenzake. Waogope."

"Nimtoe nje kwanza."

"Mbele ya wenzake, Ngisi."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mjomba alisimama kwenye ramani kubwa ya pwani, shati limechomoka kwenye suruali, anawagombeza maprofesa.

"Mnaandika vizuri sana, ila anayesoma nani? Nyinyi wenyewe! Mnapikiana na kusifiana!"

Watu walikuwa wanacheka. Ngisi akapita katikati yao.

"Mjomba, leta mikono."

"Ya nini, mama? Unataka kunipima koti?"

Pingu zikalia.

Kicheko kilikatika. Mjomba aliziangalia pingu, akamwangalia mpwa wake, akaangalia tena pingu. Miwani ilimteleza puani ikaanguka, na hakuna aliyenyanyuka kumrudishia.

"Kumbe ni yeye," mtu mmoja alisema nyuma. Hakusema kwa sauti ndogo.

Ngisi alimsukuma hadi chumba cha sampuli, kwenye rafu za mitungi ya samaki waliolowekwa. Akafunga mlango. Bastola ya Glock ilimchoma kiunoni kama mwiba.

"Wanakulipa nini?"

"Nani? Wewe ni nani kwanza? Si karani?"

"Mkondo wa kaskazini. Ulimwambia nani?"

"Ah!" Uso wa Mjomba ulifunguka, maskini, kama mtu aliyeulizwa swali analoliweza. "Niliwaambia wote."

"Wote nani?"

"Walimu waliokuja jana. Kina mama wanaolima mwani. Mpishi. Yule mgeni wa kamera anayetutengenezea filamu. Mwanangu, wewe unanijua! Nikisikia kitu asubuhi, mchana nimeshakifundisha. Ndiyo kazi niliyoajiriwa."

Ngisi alimjua, ndiyo. Kila mtu kituoni alimjua. Mtego wake ulihitaji mtu anayejua kukaa na siri, naye alimpa mwalimu.

"Nani aliuliza zaidi?"

"Mgeni wa kamera. Aliuliza kina cha maji, akauliza na njia ya boti. Nikafurahi. Nilimchorea."

Hapo ndipo na yeye alipoelewa. Alijikunja juu ya kiti kama aliyepigwa tumboni.

"Nimewachorea wezi njia," alisema. "Mimi."

Ngisi alikuwa ameshatoka mbio.

Ukumbini kiti cha mgeni kilikuwa kitupu. Ushoroba. Ngazi. Chumba cha maonyesho cha wanafunzi. Mgeni alikuwa dirishani, mkoba wa kamera mgongoni, simu ya setilaiti ya Thuraya sikioni.

"Ondokeni! Ni mtego, ondo..."

Ngisi alimvamia kiunoni. Wote wawili wakatumbukia kwenye tangi la maji ya bahari la kuchezea watoto, katikati ya kaa na konokono. Mgeni alichomoa kisu. Ngisi alimvunja kifundo cha mkono. Kisu kikazama, simu ikazama. Mgeni akalia kwa lugha ya kwao.

"Ngisi kwa Mkuu. Mdomo ninao. Si mjomba."

"Boti zote tumezikamata. Mifuko imejaa mchanga mtupu!" Mkuu alicheka. "Kazi safi. Tokea mlango wa nyuma. Usiongee na mtu."

"Na mjomba?"

"Mfungue aende. Watu watasahau."

Ngisi alizima redio, akamfunga mgeni kwa mkanda wa mkoba wake, akarudi mbio chumba cha sampuli.

Alimfungua Mjomba palepale, maji yakimchuruzika. Mjomba hakusugua vifundo vya mikono wala hakulalamika. Angelalamika ingekuwa nafuu. Ngisi alimshika mkono akamrudisha ukumbini, akasimama mbele ya watu wote, kazi ya miaka ikimwagika hivihivi.

"Mimi si karani. Ni jasusi wa serikali. Mwizi ni mgeni wa kamera. Mzee huyu hana kosa, mimi ndiye niliyemfunga bila kuuliza. Mjomba, nisamehe."

Alitaka tusi. Alitaka kofi hata.

Mkurugenzi alikohoa. Mtafiti mkuu aliangalia viatu vyake. Mtu mmoja akaiokota miwani, akaifuta, akampa mzee.

Ngisi aligeuka kuondoka. Alitembea taratibu, mabega juu, kama wanavyofundishwa. Nyuma yake Mjomba alirudi kwenye ramani, akafungua mdomo, akaufunga.

"Mama," alimwita, kwa heshima kabisa, kama mtu anayeongea na askari. "Hili somo langu la mikoko... naruhusiwa kulisema?"

Ngisi hakugeuka.

"Sema, Mjomba," alijibu. Mlango ukafungwa kabla hajasikia kama mzee amesema.